Wanagombana Milimani, Risasi Zinaangukia Nyalenda

Ndugu zangu, kabla hamjashika jiwe na kabla hamjavaa fulana ya yeyote, tuulizane swali moja tu. Ni lini mara ya mwisho mtu alikuja Nyalenda, au Manyatta, au Obunga, akakuuliza wewe mwanachama wa ODM: unataka nani aongoze chama chako?

Nauliza kwa sababu tangu Oktoba 2025 tunaambiwa tuchague upande. Huku tunaambiwa kuna waasi wanaotaka kubomoa nyumba ya Baba. Kule tunaambiwa kuna wauzaji wanaotaka kupiga mnada chungwa. Na sisi, kama kawaida yetu, tushaanza kutukanana kwenye makundi ya WhatsApp, ndugu na ndugu, mtu na shemejiye, kwa ajili ya watu ambao hawajatuomba hata maoni.

Tuanze na tarehe, maana tarehe hazina kambi. Raila Odinga alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025. Tarehe 16, kaka yake mkubwa, Seneta wa Siaya Oburu Oginga, akatangazwa kaimu kiongozi wa chama. Tarehe 18 mwili uliletwa hapa kwetu, uwanja wa Mamboleo, na mji mzima ukatoka kumuaga. Tarehe 19 akazikwa Bondo. Hesabu mwenyewe. Kina mama waliotembea kwa miguu usiku kwenda Mamboleo walikuwa bado njiani na kiti tayari kina mwenyewe. Hakuna tawi lililoketi. Hakuna mjumbe aliyepiga kura. Mnaniambia huo ulikuwa wakati wa msiba, chama hakiwezi kukaa bila kichwa hata siku moja? Sawa, nakubali. Kaimu ni kaimu. Lakini kaimu maana yake ni mtu anayeshika mlango mpaka wenye nyumba waje, na wenye nyumba mpaka leo wanasubiri nje.

Na Mzee Oburu si mgeni wa kukalia kiti cha aliyefariki. Jaramogi alipofariki Januari 1994, kiti cha ubunge cha Bondo kilimwendea yeye mwaka huo huo. Simlaumu kwa kuzaliwa pale alipozaliwa, na angalau mwaka 1994 kulikuwa na uchaguzi mdogo, watu wakapiga kura. Chama hakikupata hata hiyo.

Sasa waasi. Edwin Sifuna, aliyekuwa katibu mkuu siku Raila anafariki na tangu 2018. Babu Owino wa Embakasi Mashariki. James Orengo, gavana wa Siaya. Wanasema chama kisiuzwe, ODM iwe na mgombea wake wa urais 2027, serikali jumuishi isiwe kaburi la upinzani. Maneno mazuri. Mimi mwenyewe nikisikia yale maneno natikisa kichwa kukubali. Upande wa pili nao unajibu: mkataba wa vipengele 10 na Rais Ruto ulitiwa saini na Raila mwenyewe pale KICC tarehe 7 Machi 2025, kwa hiyo anayeupinga anampinga Raila. Kila kambi inasema inafuata alichotaka marehemu. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda, na hawa wamechukua methali hiyo kama ruhusa.

Sitawaambia marehemu alitaka nini. Nitawaambia tulichoona sisi tulio hai.

Wanaoijua Kisumu wanajua Milimani na Nyalenda zimepakana. Milimani ndiko kuna miti, mageti, mahoteli na nyumba za wakubwa. Vuka barabara, uko Nyalenda, mabati na mitaro. Kila ugomvi wa kisiasa wa nchi hii unaohusu ziwa unapangwa upande mmoja wa ile barabara na kulipiwa upande wa pili. Mwaka 1969, tarehe 25 Oktoba, Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali tunayoiita Russia. Akarushiana maneno na Jaramogi hadharani, umati ukachafuka, na walinzi wakafyatulia watu risasi, watoto wa shule wakiwemo. KPU ikapigwa marufuku siku chache baadaye. Ukifuatilia mzizi wa ile siku utafika Limuru, Machi 1966, kwenye mkutano wa wajumbe wa KANU uliofuta cheo cha makamu mmoja wa rais wa chama na kuweka manane ya mikoa, ili Jaramogi akose pa kukaa. Ugomvi wa ndani ya chama. Ukumbini Limuru, damu Kisumu.

Agosti 2017 polisi waliingia Nyalenda usiku wakitafuta waandamanaji, wakampiga rungu mtoto mchanga wa miezi sita akiwa nyumbani kwao. Alifariki. Machi 2023 tuliitwa barabarani kwa sababu ya gharama ya maisha na matokeo ya 2022, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno akapigwa risasi. Juni 2024 vijana waliingia barabarani bila kuitwa na mtu yeyote, wakauawa, na majivu hayajapoa, Agosti, vigogo wa ODM wakaapishwa kuwa mawaziri: Joho madini, Oparanya vyama vya ushirika, Mbadi hazina, Wandayi kawi.

Kidogo hapo kwa Wandayi, maana hili watu wanalipita haraka. Alipoacha ubunge wa Ugunja Agosti 2024 kwenda kuwa waziri, IEBC haikuwa na makamishna. Ugunja ikakaa bila mbunge mpaka uchaguzi mdogo wa tarehe 27 Novemba 2025. Mwaka na miezi kadhaa. Watu wa Ugunja waliulizwa kama wanakubali kumtoa mbunge wao kwenda serikalini? Hata kwa simu? Hiyo ndiyo serikali jumuishi ukiitazama ukiwa Ugunja.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuna uasi kwa sababu chama kimekaribiana na serikali, najibu: jamani, hili si jambo la jana. Mwaka 1993 Jaramogi, kiongozi wa upinzani, alianza kushirikiana na Moi, ati ili maendeleo yafike Nyanza. Akakiri mwenyewe kupokea shilingi milioni 2 kutoka kwa Kamlesh Pattni wa Goldenberg. Paul Muite na wenzake wakajitoa kwenye uongozi wa FORD-Kenya. Huo ulikuwa uasi wa kwanza. Jaramogi akafariki, makamu wake Michael Kijana Wamalwa akapanda kiti kama katiba ya chama ilivyosema, na Raila akaanza uasi wa pili. Miaka miwili ya mikutano miwili miwili, viongozi wawili wawili, kesi mahakamani, mpaka ile aibu ya Thika 1996, wajumbe walipoitwa uwanjani kuchagua na wakaishia kupigana.

Watu wa Pwani mnaosoma ukurasa huu mna la kukumbuka hapa. Mwaka 1992 chama cha IPK kiliponyimwa usajili, wafuasi wake wengi Mombasa waliazima kura zao kwa FORD-Kenya. Waliambiwa hicho ni chama cha wanyonge wote. Miaka minne baadaye wakakitazama kikiraruliwa Thika na watu ambao hawakukumbuka hata kwamba kuna mtu Kisauni aliyewapigia kura.

Na walioraruana waliishia wapi? Cheti kikabaki kwa Wamalwa. Raila akajiuzulu mwisho wa 1996, akaingia NDP, akarudi kwa wapiga kura wa Lang'ata Machi 1997, akashinda. Desemba 1997 Wamalwa na Raila wakagombea urais kila mtu kivyake. Raila alipata kama asilimia 11, Wamalwa 8. Moi akashinda kwa asilimia 40 hivi. Halafu mwasi wetu, aliyemkabili Wamalwa miaka miwili, akaanza kushirikiana na Moi yule yule. Mwaka 2001 akawa Waziri wa Kawi. Tarehe 18 Machi 2002, Kasarani, NDP ikameng'enywa ndani ya KANU na tinga likaegeshwa kwa jogoo. Miezi michache baadaye uasi tena, safari hii dhidi ya Moi na mrithi aliyemteua, na hapo ndipo Kibaki akawa tosha.

Sisemi haya kumdharau marehemu. Alilipa kwa miaka ya kizuizini, na uasi wa 2002 uliing'oa KANU madarakani, jambo ambalo watu wengi walidhani halitatokea wakiwa hai. Nasema ili mjue kwamba mtu anayeitwa mwasi leo, kesho ni waziri, keshokutwa ni mwasi tena. Mwangalieni Orengo. Mwaka 1994 hadi 1997 alibaki na FORD-Kenya ya Wamalwa, akamkatalia Raila, na Ugenya wakamrudisha bungeni na chama hicho hicho. Leo yumo kwenye kundi linalosema linalinda chama cha Raila dhidi ya kaka yake Raila. Anaweza kuwa sahihi mara zote mbili. Lakini ukimfuata mtu, mfuate kwa hoja ya siku hiyo, usimfuate kwa kiapo cha maisha.

Lipo pia jambo ambalo Raila alifanya 1997 na ambalo nalitafuta kwa hawa wa leo silioni. Sheria iliyotungwa 1966 kuwabana kina Jaramogi ilisema ukihama chama unapoteza kiti. Alikipoteza, akarudi kuomba upya. Waasi wa leo wanataka kuasi wakiwa na kiti, na posho, na gari. Mtaniambia: kwani mwenye nyumba ahame kwa sababu mpangaji ana kelele? Hoja ina uzito. Basi wakibaki ndani, wapiganie kilicho ndani, na kilicho ndani ni kura ya mwanachama. Nawasikia wakipigania tiketi ya 2027. Nawasikia wakipigania nani atazungumza kwenye mkutano wa wapi. Kura ya tawi wanaigusa kama mtu anayegusa maji ya moto.

Angalau Winnie Odinga aliutaka mkutano wa wajumbe waziwazi, Mombasa, chama kilipokuwa kinatimiza miaka 20 Novemba 2025. Ni mtoto wa nyumba ile ile, sawa, na ana hesabu zake. Lakini alilosema ndilo linalohitajika, na waliokuwa jukwaani walilipokea kwa tabasamu la mtu anayesubiri mgeni aondoke.

Wanaogopa nini? Wanaogopa Kasarani. Februari 2014 ODM iliita wajumbe wake kuchagua viongozi wa kitaifa. Ababu Namwamba na Agnes Zani walikuwa wanagombea ukatibu mkuu. Kura zikaanza, na mara wakaingia wanaume waliovaa suti nyeusi, wakapindua masanduku, wakafukuza watu, uchaguzi ukafa hapo hapo. Nchi nzima iliona kwenye televisheni. Hakuna aliyeadhibiwa tukajua. Tangu siku hiyo vyeo vya juu vimekuwa vikijazwa kwa makubaliano na uteuzi. Kwa hiyo kiongozi anayedai heshima ya kiti na katibu anayedai heshima ya ofisi, wote wawili wanakalia viti vilivyotengenezwa na wale wanaume wa suti nyeusi. Hakuna mwenye haki ya kumwambia mwenzake hukuchaguliwa.

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 91, haikuachia vyama jambo hili kwa hisani. Inasema chama lazima kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia, na kiendeshe uchaguzi wa ndani wa mara kwa mara, huru na wa haki. Lazima. Katiba hiyo hiyo tuliipigia kura Agosti 2010 na Kisumu ilikuwa mbele. Hao hao waliozunguka nayo mkononi wakituambia ndiyo mwokozi wetu, leo kifungu kimoja kinawashinda nyumbani kwao.

Na msifikiri ukikosekana uchaguzi ugomvi unakosa mwamuzi. Mwamuzi yupo, ila si wewe. Ni msajili wa vyama, ni jopo la rufaa za vyama, ni majaji, na nyuma yao ni mwenye serikali anayeangalia huku amekunja nne. Tazameni majirani. Mwaka 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi, Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF. Mwaka mmoja baadaye akasema amefuta barua yake ya kujiuzulu. Chama kikakataa. Msajili wa Tanzania, Jaji Francis Mutungi, akasema yeye anamtambua Lipumba. Basi. Ofisi ya Buguruni, ruzuku, wabunge, kila kitu kikafuata ile barua ya msajili. Maalim Seif Sharif Hamad, mtu aliyekuwa na Zanzibar nyuma yake, alikaa mahakamani mpaka tarehe 18 Machi 2019, akashindwa, na siku hiyo hiyo akahamia ACT-Wazalendo pamoja na bendera na wafuasi wake. Watu walishusha tanga moja wakapandisha jingine kwa sababu wanachama walikuwa naye kweli. Lakini miaka mitatu ya upinzani ilikuwa imeteketea, na waliofurahi walikuwa CCM.

Hapa kwetu fedha ni kubwa kuliko Buguruni. Sheria ya vyama inasema mfuko wa vyama upate angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, na ODM imekuwa ikidai mabilioni ya mfuko huo kwa miaka. Ukisikia mtu analilia muhuri wa chama kwa machozi, usidhani analilia chungwa. Analilia sahihi ya benki.

Kwa hiyo Mzee Oburu, shikamoo, nakuambia kwa heshima ya umri wako: huwezi kujadiliana na UDA kuhusu 2027 kwa niaba ya watu ambao hawajakutuma. Ita wajumbe. Wajumbe wenyewe wawe wamechaguliwa na matawi, wasiwe majina yaliyoandikwa hotelini usiku. Ukishinda, utajadiliana na yeyote ukiwa na mgongo. Ukishindwa, utakuwa umefanya kwa hiari jambo ambalo hakuna kiongozi wa chama hicho aliyewahi kulifanya.

Nawe Sifuna, na Babu, na Gavana Orengo: acheni kutupa hotuba za kutupandisha damu. Tushapanda. Semeni tarehe ya uchaguzi wa matawi mnaoutaka, semeni nani atausimamia, semeni mtakubali matokeo mkishindwa. Hilo la mwisho lisemeni kwa sauti.

Nyote pia mna deni moja ambalo halina kambi. Mkataba ule wa Machi 2025 uliahidi fidia kwa walioumizwa na familia za waliouawa kwenye maandamano. Wako Nyalenda, wako Kondele. Wengine wanatembea na risasi mwilini mpaka leo, hawana pesa za upasuaji. Anayetetea serikali jumuishi atuletee orodha ya waliolipwa. Anayeipinga atuambie amefuatilia wapi, kwa barua gani, tarehe gani. Mkija hapa kwa mkutano wa hadhara, iwe ni wa kambi hii au ile, hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa. Nawaomba vijana wa Kondele mliulize kwa mdomo. Mawe yaacheni chini, kwa sababu jiwe moja likirushwa tu, habari ya saa moja itakuwa jiwe, na polisi watajua la kufanya, na mheshimiwa ataondoka kwa gari lake kurudi Milimani.

Kwenu wanachama, kuna kazi ya kufanya wiki hii. Ingia kwenye eCitizen, fungua huduma za Msajili wa Vyama vya Kisiasa, uangalie jina lako liko chama gani. Mnakumbuka Juni 2021, maelfu ya Wakenya waligundua wameandikishwa kwenye vyama ambavyo hawajawahi kuvisikia. Huenda uko UDA hujui. Huenda humo popote na umekuwa ukipigania chungwa miaka 20. Kama umo ODM na unataka kubaki, piga picha ya ukurasa huo, uuhifadhi, kisha nenda kwa mwenyekiti wa tawi lako ukiwa na majirani wawili watatu umuulize daftari la wanachama liko wapi. Akikuambia liko Nairobi, muulize liko kwa nani Nairobi. Tuandikieni hapa alichowajibu, mkitaja wadi na kituo, bila majina ya majirani zenu.